Mke Wangu Si Mbuzi wa Idi

Nizwa,
Oman, 27 Oktoba 1985

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Safari, Sur,
ambaye pia ni shemegi yangu, Sheikh Khalaf bin Harub, Aija.

KUHUSU: MALALAMIKO RASMI JUU YA NCHI YA ITALIA, NA OMBI LA KURUDISHIWA MKE

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Natumai barua hii itakukuta u mzima wewe na jamaa wote wa Aija. Mimi huku sijambo, isipokuwa nimepungua. Nakuandikia kwa mambo mawili, moja la kiofisi na moja la kindugu, na kwa kuwa ofisi ni yako na dada ni wako, nimeona nisitumie bahasha mbili.

Utakumbuka kuwa mwezi wa Septemba ofisi yako ilitupeleka mimi na dada yako Rahila kupumzika Italia, siku kumi na nne. Ulitukalisha mbele ya ile ramani kubwa ya ukutani, ukatia kidole katikati ya kile kiatu, ukasema: "Hapa, shemegi. Roma wachia wenyewe, bahari mnayo. Nyinyi nendeni shamba. Miji ya zamani juu ya vilima, mizabibu mpaka jicho linachoka. Wallahi mtapumzika mpaka msahau njia ya kurudi."

Mimi njia ya kurudi sikuisahau hata siku moja. Aliyeisahau ni dada yako. Tulipofika Nizwa alikaa nyumbani siku tatu, kisha akafunga kanga zake akaja kwako Aija. Leo ni siku ya thelathini na mbili. Kila nikipiga simu, mkeo Kaltham huniambia, "Yupo, lakini hataki kuzungumza," na nyuma yake nasikia vijiko na watu wakicheka.

Mimi ni karani wa mafaili kwa miaka kumi na miwili, nami najua kuwa lalamiko lisilo na namba hupotea. Kwa hivyo nimeyatia namba.

1. Juu ya neno "shamba". Mtu wa Unguja akiambiwa aende shamba anajua la kufanya. Mimi na Rahila tumezaliwa Malindi, na kila msimu tukipelekwa Bumbwini na mizigo yetu: mkeka, sufuria, taa, mbuzi ya nazi. Basi tulichukua. Ilikuwa ni wajibu wa ofisi yako kutuarifu kuwa shamba la Italia lina vitanda, na kuwa halina nazi. Forodhani Roma waliitoa ile mbuzi ya nazi wakaiweka mezani, wakaizunguka, kila mmoja akimsukuma mwenzake aiguse meno. Kisha wakafungua furushi la gazeti, lile lenye zawadi yako mwenyewe ya samaki mkavu kutoka Sur, wakauliza ni nini. Nikawajibu kwa ukweli: "Papa." Wakatazamana. Wakamwita mkubwa wao, naye akainama, akanusa, akavua kofia. Tulikawia pale saa mbili.

2. Juu ya tabia ya kukana. Mji wenyewe jina lake linaanza na Monte, kama miji yote ya huko, na umejengwa juu kabisa ya kilima kama kwamba wenyewe wamegombana na maji. Chini yake kuna shamba la mizabibu, ndiko tulikoshukia. Wenye shamba ni mume na mke, wanaitwa Sinyori na Sinyora. Utaona kuwa hata majina yao yanaanza kwa kukana.

Sinyora alitufungulia chumba kizuri, shuka nyeupe, dirisha linaangalia mizabibu. Nilimjaribu kwa Kiingereza, hajui. Nikamjaribu kwa Kiarabu, akacheka. Basi nikamwuliza kwa Kiswahili, polepole na kwa mkono: "Chumba hiki, chetu?" Akajibu, "Si, si." Nilifurahi kwanza kuwa anajua Kiswahili, kisha nikauelewa ujumbe. Kama si chetu, cha nani? Hapo alikuwa ameshafika mlangoni, akatupungia mkono, akasema: "Chao!"

Sikuuliza ni kina nani hao. Mtu mzima haingii katika chumba cha watu. Tulitoa mizigo, tukatandika mkeka ukumbini, tukakaa kuwasubiri wenyewe waje. Tulikaa tangu adhuhuri mpaka alasiri. Sinyora alipopita akatuona, akajipiga kofi la kipaji, akaturudisha chumbani kwa kutusukuma. Nikamkumbusha: "Lakini si chetu!" "Si, si, si!" akasema, na huku anasukuma. Na alipotoka, tena: "Chao!" Khalaf, kila usiku wa safari ile nimelala ukingoni mwa kitanda, viatu tayari, nisije nikaaibika wenyewe wakitokea.

3. Mwendelezo wa namba 2. Baada ya siku mbili nilikuwa nimeshawafahamu. Ni watu wanaokana kwa mdomo na kutoa kwa mkono. "Kahawa iko?" "Si," na kikombe hiki hapa. "Njia ya mjini ndiyo hii?" "Si," nami kwa kuwaamini nikashika nyengine, nikatokea katika banda la kuku la watu. Sijapata kuona watu wakarimu wenye ulimi mbaya namna ile.

Lililoniuma zaidi ni la zabibu. Nilimwuliza Sinyori kwa ishara kama naweza kuchuma kidogo. "Si, si!" Basi sikuchuma. Siku sita nimekaa barazani kwao, zabibu zinaning'inia mpaka karibu na kofia yangu, nyeusi, zimeiva, nyuki wanazigombania, nami mikono nimeiweka mapajani, kwa kuwa sikwenda Ulaya kuitwa mwizi. Sinyori akipita ananitazama kwa huzuni. Siku ya saba akaja na kapu zima, akanimwagia mapajani.

Sikatai kuwa zilikuwa tamu. Lakini na za kwetu hapa, za mlima wa Jabal Akhdhar, ni tamu, na mwenyewe akikukaribisha hukukaribisha kwa maneno. Halafu hizo zao hawazili! Wanazitia katika mapipa, na yanayotokea baada ya hapo sitayaandika. Nilimnasihi Sinyori kuhusu kuzianika juani zikauke. Alinisikiliza vizuri sana, akaitikia "Si," akaenda zake kwenye mapipa.

4. Juu ya kupandishwa. Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wao siku ya tatu humpa ngazi. Tulipandishwa mnara wa mji, vidato mia mbili na kumi na viwili, dada yako anahesabu na mimi natoa shahada. Huko juu tukaonyeshwa, kwa heshima kubwa, mji mwengine juu ya kilima chengine, nao una mnara, na juu ya mnara kuna watu wanatutazama. Kesho yake tukapelekwa mji ule, tukapanda mnara ule, tukaonyeshwa mji tuliotoka. Mimi nakaa Nizwa. Nikifungua dirisha naiona ngome, na mnara wake ni mnene kuliko yao yote, na sijaupanda mpaka leo kwa sababu hakuna aliyenilazimisha.

5. Hili nimelifuta. Lilikuwa linakuhusu wewe.

6. Juu ya nyama. Siku ya nne ililetwa sahani ya nyama nyekundu, imekatwa nyembamba kama karatasi. Mimi si mtu wa kula kitu bila ya kuuliza. Kwa kuwa lugha haikutosha, nililazimika kuiga sauti ya mnyama mwenyewe, mimi mtu mzima, na kilemba kichwani, mbele ya meza ya watu tisa. Wakafurahi kupita kiasi. "Si! Si!" akasema Sinyora. Nikauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi na kwa pua. "Si, si, si!" Basi, amekana mara tano, shaka imeondoka. Nikanyosha mkono. Sijafikisha kinywani, dada yako akaupiga ule mkono, akaichukua sahani akampa paka. "Azzan, hukusikia?" ananiambia. Nikamjibu, "Nimesikia!" Nikalala na njaa kwa sababu ya mke ambaye hasadiki neno la mwenye nyumba.

7. Juu ya kuharibika kwa dada yako. Mimi nilipokuwa nazichunga zabibu, yeye alikuwa jikoni. Alimfuata bibi kizee wa nyumba, mama yake Sinyori, akawa anakanda naye unga, anamenya naye vitunguu, na hakuna anayejua walikuwa wakisemezana nini. Alimwonyesha kupika wali wa nazi bila ya nazi. Wiki ya kwanza haijesha, naye ameshaambukizwa. Namwambia, "Rahila, twende tukatembee." Anajibu, "Si!" na huku anavaa viatu. "Una kiu?" "Si!" na anapokea gilasi. Miaka ishirini na minane ya ndoa, mwanamke hajapata kunipinga mbele ya watu, na ghafla kila neno si, si, si, tena anacheka. Nilivumilia. Nilijisemea ni hewa ya mlimani.

8. Juu ya neno "Nona". Hili ndilo lenyewe, Khalaf, hayo mengine ni mapambo.

Yule bibi kizee niliyemtaja ni mwanamke mnene kwa haki, Mungu amzidishie. Ana wajukuu watatu, wote wa kike, mdogo wao hajapata miaka mitano. Wajukuu wale hawana adabu hata chembe. Asubuhi wanamkimbilia bibi yao na kumpigia kelele usoni: "Nona!" Yaani anenepe. Na wakitaka kumbembeleza: "Nona, nona!" Nikasema, haya ni yao, na bibi mwenyewe inaonyesha ameitii amri. Lakini siku ya tano wakahamia kwa Rahila. "Nona Rahila!" huku wanamvuta kanga, na kila wakisema hivyo bibi kizee anamsogezea sahani: tambi, mkate, mayai, halafu tambi tena.

Wewe umefuga, shemegi, nawe unajua. Unayempenda humwambii nona. Unamwambia hivyo yule ambaye Idi yake imekaribia.

Nilitegemea Rahila ataghadhibika. Badala yake, siku ya kwanza walipomwita vile alikimbilia chumbani, kile chumba chao, nikamkuta amekaa kitandani analia na kucheka kwa pamoja. Akaniuliza, "Azzan, umesikia walivyoniita?" Nikamwambia nimesikia, na nitalishughulikia. Akanitazama kwa jicho ambalo mpaka leo sijalifahamu.

Unajua kuwa Mwenyezi Mungu hakutujaalia mtoto. Sisi wenyewe hatulizungumzi, na wewe hujapata kunisikia nikilitaja. Nalitaja hapa kwa sababu moja tu. Mwanamke ambaye hakuzaa, watu hawamalizi kumtia maneno: mara amenenepa bure, mara amekonda kwa majonzi. Ameyasikia Unguja, ameyasikia Nizwa harusini na matangani, nami nimeyasikia nikanyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma. Sikuwa tayari kumsafirisha mke wangu mpaka Italia akatiwe maneno na watoto wa watu.

Siku ya kumi na tatu, mchana, tumekaa wote mezani chini ya mizabibu. Wajukuu wakaja na shada la majani ya mzabibu walilolisuka wenyewe, wakamvika Rahila kichwani, wakapiga makofi na kuimba: "Nona, nona, nona!" Nikaona sasa basi. Anayevikwa majani ni mbuzi, na baada ya majani najua kinachofuata. Nikasimama. Nikaipiga meza. Nikasema kwa Kiarabu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: "Khalas! Mke wangu haitwi hivyo! Asimwite mtu tena neno hilo!"

Yule mdogo akaangua kilio. Bibi kizee akajifunika uso na aproni. Rahila akalivua shada, akaliweka mezani taratibu, asivunje jani, akaniuliza mbele ya watu wote: "Azzan, mimi nakutia haya?"

Kwa hasira pumzi zilikuwa zimenikatika, sikuweza kutoa sentensi nzima. Nikamjibu kwa neno moja, kwa nguvu zangu zote, na kila mara naipiga meza: "Si! Si! Si!"

Yaani si kweli, si hivyo, si hata kidogo. Mwanamke anataka nini zaidi ya hapo? Mara tatu, tena kwa kishindo, mbele ya mashahidi. Sinyora akaweka kiganja mdomoni. Rahila akainuka akaingia ndani, na tangu siku ile hajanisemesha zaidi ya "chai hii" na "paspoti yako hii". Nami nimejihesabia makosa yangu yote tangu mwaka tuliooana, na katika hayo silioni la kumkimbiza mtu mpaka Aija.

Kwa kuwa hayo yote yamesababishwa na nchi ambayo ofisi yako ndiyo iliyotuonyesha kwa kidole, naomba yafuatayo:

Kwanza, Italia ifutwe katika ile ramani ya ukutani. Kama wino haukubali, ifunikwe kwa kalenda.

Pili, wateja wako wote wanaotaka miji ya zamani juu ya vilima waletwe Nizwa, na wanaotaka mizabibu wapandishwe Jabal Akhdhar, ambako mtu akisema si, ni si.

Tatu, nirudishiwe Rahila. Nimeliweka la tatu kwa utaratibu wa uandishi, lakini wewe lisome la kwanza. Nyumba imekuwa kubwa. Kila asubuhi natoa vikombe viwili kabatini, kisha narudisha kimoja. Jirani yangu Bi Turkiya, yule aliyelelewa Mogadishu, huniletea sahani ya mchana kwa huruma, lakini huruma ya jirani ina chumvi nyingi. Mwambie dada yako kuwa mimi sijui nilichokosea, na kutokujua huku ndiko kunakonipunguza. Mwambie namtaka arudi nyumbani kwake. Kama sharti lake ni kuwa anikane kwa kila neno mpaka tufe, nakubali.

Nisalimie Kaltham na umwambie nimesikia vijiko. Nisalimie wazee wote wa Aija, wa mskitini na wa barazani, na kila atakayeniulizia, na asiyeniulizia pia umsalimie, huenda alisahau. Nimemwomba Bi Turkiya aniandikie anwani juu ya bahasha, kwa kuwa hati yake ni nzuri kuliko yangu.

Wako katika malalamiko na katika udugu,

Azzan bin Thabit,
Karani wa Mafaili, Nizwa.

Tanbihi. Bi Turkiya, kabla hajaandika anwani, ameomba aisome barua. Alipofika namba 2 aliweka kikombe chini. Namba 6 alicheka mpaka akajifuta macho kwa ushungi, akaniomba niitoe ile sauti tena, nikakataa. Alipofika namba 8 aliacha kucheka. Nilikuwa nimesahau kuwa Mogadishu aliyokulia yeye ilikuwa ya Wataliana, na baba yake akiwauzia ngozi. Amenifunza Kitaliana, maneno matatu tu.

Chao ni kwa heri. Si ni ndiyo. Na nona, Khalaf, ni bibi. Bibi wa wajukuu. Watoto wale walikuwa wakimwita dada yako Bibi.

Kwa hivyo chumba kilikuwa chetu. Zabibu zilikuwa zetu siku zote sita. Nyama ilikuwa ile ile niliyoiigia sauti, na paka na alaumiwe yeye. Neno ambalo Rahila amelisubiri miaka ishirini na minane ameitwa kwalo chini ya mizabibu, na mimi nimepiga meza nikalipiga marufuku kwa lugha tatu. Kisha akaniuliza kama ananitia haya, na nikamjibu mbele ya watu tisa: Ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Barua hii ichane, isipokuwa namba 4, ambayo bado naisimamia. Italia usiifute. Tutilie nafasi mbili msimu ujao wa kuchuma, kwa Sinyora yule yule, chumba kile kile, na umwandikie kuwa mzee wa kilemba anakuja kumwomba radhi yule mtoto mdogo. Mbuzi ya nazi tuliiacha kwao, basi safari hii tutachukua nazi.

Barua inakuja na teksi ya leo, nami nakuja na ya kesho, maana kanzu yangu nzuri ipo majini. Wewe nitangulizie neno moja tu. Rahila akikuuliza kama kweli namtaka arudi, mwambie Azzan amesema: Si. Ile ya kwao, si ya kwetu.